Kamba wa Naivasha na Dhamiri Yetu

Liko swali ambalo kwa nje laonekana kuwa la jikoni tu, lakini kwa ndani ni la dhamiri. Kiumbe aliyeletwa na binadamu katika maji yasiyo yake, akaongezeka na kuharibu, je, kumvua na kumla ni kulitengeneza kosa, au ni kujitafutia faida ndani ya kosa?

Mfano tunao karibu. Kamba mwekundu wa Louisiana, mwenye gamba gumu na magando mawili mazito, asili yake ni kusini mwa Marekani na kaskazini mwa Mexico. Afrika bara haikuwa na kamba wa jamii yake. Mwaka 1970 alitiwa katika Ziwa Naivasha, nchini Kenya, kwa nia iliyoonekana kuwa njema: wavuvi wapate kitu kingine cha kuuza. Haikupita miaka mingi, biashara ikaanza, na kamba wengi wakapelekwa Ulaya. Kwa wenyeji walio wengi hakuwa chakula kilichozoeleka.

Jike hubeba mayai kwa mamia chini ya mkia wake. Kamba huyu hula majani, konokono na hata mizoga. Huharibu nyavu na samaki walionaswa. Huchimba mashimo kingoni. Na maji yakikauka hujificha ardhini akingojea mvua. Watafiti wa Naivasha waliona majani yaotayo chini ya maji yakitoweka kamba walipozidi, na kurudi kamba walipopungua. Hata hivyo, haki yatutaka tuseme pia kwamba hula konokono waenezao kichocho, na majaribio yaliyofanywa Kenya yameonyesha faida hiyo. Kamba mwenyewe hana hatia. Afuata maumbile yake. Hatia ni ya mkono uliomhamisha bila kufikiri yatakayofuata.

Wengi husema: basi avuliwe, aliwe, na shida itakwisha. Sisi hatupingi kumla. Mtu maskini akitega mtego wake akapata kitoweo cha watoto, nani atamlaumu? Na kumwua mnyama afaaye kuliwa, kisha kumtupa, ni ufujaji usio na sifa.

Lakini yatupasa tujihadhari tusijidanganye. Kamba huyu hakuingia Naivasha kwa bahati mbaya. Aliletwa ili avuliwe, auzwe, aliwe. Basi kula peke yake kwawezaje kuwa dawa, hali ndiko kulikoleta ugonjwa? Tena mitego, kwa kawaida, hunasa wakubwa zaidi. Wadogo hubaki, wakapata nafasi na chakula tele, wakakua upesi. Mvuvi hurudi na kikapu kilichojaa, naye aweza kudhani amelisafisha ziwa, kumbe amevuna tu.

Hatari kubwa zaidi imo moyoni. Adui akishakuwa riziki, nani atataka aishe? Tutazame Hispania. Kamba huyu huyu alitiwa mwaka 1974 katika mabwawa ya karibu na mto Guadalquivir, na mji wa Isla Mayor ukaja kumtegemea. Mwaka 2016 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilipoamua kwamba naye asiachwe nje ya makatazo yahusuyo viumbe wavamizi, wenye kuishi kwa kazi ile walilalamika sana, na mwaka 2018 sheria ikarekebishwa. Hatuwacheki watu wale. Walikuwa wakitetea chakula cha watoto wao, na kilio chao kilikuwa cha kweli. Lakini twajifunza kwao jinsi madhara yanavyoweza kugeuka kuwa haki ya mtu, hata kuyaondoa kukaonekana kuwa dhuluma.

Basi, twasema nini? Twasema kwamba kula kwaweza kuwa sehemu ya kutengeneza, lakini kwa sharti: tuwe tayari kufurahi siku mitego itakaporudi mitupu. Asiyeweza kuifurahia siku hiyo hasaidii ziwa, ajisaidia mwenyewe. Wala mzigo huu tusimtwike mvuvi peke yake. Wenye madaraka waliokubali kiumbe aletwe, pamoja na wafanya biashara waliopata faida naye, wana deni la kumtafutia mvuvi riziki nyingine, ili asilazimike kuombea adui wa ziwa lake aongezeke.

Na liko jambo moja ambalo halihitaji serikali wala fedha. Kamba asichukuliwe akiwa hai kutoka maji haya kwenda maji mengine, hata kama ni bwawa dogo la nyuma ya nyumba, hata kama nia ni njema. Afe pale pale alipovuliwa. Mtu atakayemtia katika ndoo na kumpeleka mto wa pili, akisema kwamba huko nako watu wapate kula, atakuwa amerudia neno kwa neno kosa la mwaka 1970.

Wazee walisema kwamba mchuma janga hula na wa kwao. Katika jambo hili twalila janga kweli kweli, mezani, pamoja na watoto wetu. Haitoshi kuwafundisha namna ya kulipika. Tuwaeleze pia lilivyochumwa, wasije wakalichuma tena.