Kosa Hutangulia Ajali

Katika mazishi ya mtu aliyekufa barabarani, msemo mmoja hurudiwa kuliko mingine: ajali haina kinga. Wafiwa huambiwa hivyo ili wapoe, na mwenye chombo kilichoua huambiwa hivyo ili majuto yasimmalize. Nia ni njema. Lakini msemo huo umebeba dai zito, kwamba lililotokea lilikuwa litokee tu, na hapakuwa na mkono wa mtu ulioweza kulizuia. Dai hilo tulipime kwa kitu kinachoshikika: breki zilizolika za trekta la zamani. Hoja yangu ni kwamba lawama ya ajali iliyoletwa na breki mbovu haianzi siku ya ajali. Ilikwisha kutimia siku ile mwenye trekta alipojua, au alipopaswa kujua, kwamba breki hazishiki, naye akaliruhusu liingie barabarani. Kumtwika Mungu mzigo huo ni kukwepa wajibu huku tumejivika unyenyekevu.

Chukua Massey Ferguson 135, trekta dogo lenye injini ya Perkins ya silinda 3, lililoanza kuundwa mwaka 1964 na ambalo bado lipo mashambani Afrika Mashariki. Breki zake ziko kwenye magurudumu mawili ya nyuma tu. Kila gurudumu lina dramu yake, na ndani ya dramu mna viatu vya breki vyenye utando mgumu unaobana chuma dereva anapokanyaga pedali. Pedali nazo ni mbili, ya kulia na ya kushoto, ili mwisho wa shamba dereva akanyage upande mmoja na trekta ligeuke mahali padogo. Barabarani hufungwa pamoja kwa komeo ili magurudumu yote mawili yashike kwa wakati mmoja. Utando hulika kidogo kidogo, na dereva aliyezoea kugeukia upande mmoja huumaliza upande huo mapema. Sili ya ekseli ikichakaa, oili hupenya hadi ndani ya dramu na kuulowesha utando. Hapo hata ule ambao bado ni mnene huteleza, na kukaza breki hakusaidii. Dawa yake mafundi wanaijua: trekta linainuliwa kwa jeki na kuegemezwa juu ya stendi imara, gurudumu na dramu vinatolewa, sili inabadilishwa kwanza, viatu vipya vinawekwa pande zote mbili, kisha breki zinarekebishwa mpaka pedali zote mbili zishuke sawa. Vumbi lililomo halipulizwi, kwa sababu tando nyingi za zamani zilikuwa na asbesto, ambayo huharibu mapafu.

Nimeeleza ufundi huu kwa sababu umebeba jambo la kimaadili. Ubovu wa breki hulala shambani na kuamka barabarani. Trekta likilima, mwendo ni mdogo na jembe lenyewe linalivuta nyuma. Dereva akiachia mafuta, linasimama. Msimu mzima unaweza kupita na mwenye trekta asipate hasara hata ya shilingi moja. Mambo hubadilika mavuno yanapofika, tela linapofungwa nyuma likiwa na magunia ya mahindi na vibarua wamekaa juu yake. Tela nyingi hazina breki zake zenyewe, kwa hiyo kwenye mteremko mzigo wote unaisukuma ile mashine ndogo iliyo mbele. Nguvu ya mwendo haiongezeki sawasawa na kasi: kasi ikiwa mara mbili, breki zinapaswa kumeza nguvu mara nne. Tazama basi namna faida na hatari zilivyogawanywa. Fedha iliyookolewa kwa kutonunua viatu vya breki inabaki kwa mmiliki. Hatari inakwenda kwa kibarua aliye juu ya tela na kwa mtoto anayetoka shule, watu ambao hawakuulizwa lolote. Ubovu usiomuumiza mwenyewe mwanadamu huuvumilia kwa muda mrefu sana, na uvumilivu wa namna hiyo hauna fadhila yoyote.

Suala hili ni la kale kuliko injini. Torati, katika kitabu cha Kutoka sura ya 21, inatofautisha ng'ombe wa aina mbili. Ng'ombe akimpiga mtu pembe akafa, mnyama anauawa na mwenyewe hana hatia. Lakini kama ng'ombe huyo alikuwa na desturi ya kupiga pembe, na mwenyewe alionywa lakini hakumfunga, basi damu iliyomwagika inadaiwa kwake. Mnyama ni yule yule na kifo ni kile kile. Kilichobadili hukumu ni onyo lililopuuzwa. Pedali inayozama hadi chini ni onyo. Trekta linalovuta upande mmoja breki zinapokanyagwa ni onyo, na oili inayoonekana upande wa ndani wa gurudumu ni onyo la tatu. Mwaka 1877 W. K. Clifford, mwanahisabati Mwingereza, aliandika juu ya mwenye meli aliyejua kwamba meli yake imechakaa, akazituliza shaka zake kwa kujiambia kwamba imekwisha kusafiri salama mara nyingi na kwamba Mungu hataacha kuzilinda familia zilizomo. Meli ikazama. Clifford alishikilia kwamba mtu huyo ana hatia ya vifo vile japo aliamini kwa moyo wake wote, kwa sababu imani hiyo hakuipata kwa uchunguzi. Aliipata kwa kuzinyamazisha shaka. Akaongeza kwamba hata kama meli ingefika salama, hatia isingepungua hata chembe.

Pingamizi la kwanza litatoka kwa muumini. Kila nafsi ina siku yake, atasema, na ajali ikishaandikwa, breki mpya haziifuti. Hilo halistahili kubezwa, na jibu lake limo ndani ya dini yenyewe. Khalifa Umar bin Khattab, akiwa safarini kwenda Sham, alipata habari kwamba tauni imeingia huko, akaamua kurudi. Sahaba Abu Ubayda akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Umar akajibu kwamba anaikimbia kadari ya Mungu kuiendea kadari ya Mungu, akampa mfano wa mtu mwenye ngamia aliyefika kwenye bonde lenye pande mbili, upande mmoja wenye majani na mwingine mkame: popote atakapowalisha, atawalisha kwa kadari. Ikiwa ndivyo, jeki na spana zimo ndani ya kadari kama ajali ilivyomo, na anayeacha kutengeneza hawezi kusema amejisalimisha kwa Mungu. Amechagua upande mkame. Tena Surat An-Nisaa inamdai aliyeua muumini bila kukusudia atoe kafara, na mara nyingi diya kwa wafiwa pia. Kama kutokukusudia kungemwondolea mtu dhima yote, amri hiyo ingekuwa ya nini?

Pingamizi la pili linahusu bahati. Wamiliki wawili wana breki mbovu sawasawa, wanashuka mlima mmoja siku moja. Mmoja anakutana na mtoto, mwingine anakuta njia tupu. Tunamwita wa kwanza muuaji, na wa pili tunamwuliza habari za mavuno. Thomas Nagel, mwanafalsafa wa Marekani, aliutumia mfano wa dereva wa lori ambaye hakupeleka breki zake kukaguliwa alipojadili fumbo hili mwaka 1976. Wapo wanaosema kwamba maadamu matokeo ni tofauti, makosa nayo ni tofauti. Nakubali kwamba madeni yao ni tofauti: wa kwanza ana familia ya kuiomba radhi na kuilipa, na hatalala kama zamani. Mahakama pia hutenda kwa kilichotokea, kwa kuwa haiwezi kumshika kila mtu aliyekuwa karibu kuua. Hata hivyo, walichokitenda ni kitu kimoja. Wa pili hana jambo lolote alilofanya vizuri zaidi ambalo anaweza kulitaja. Akijipima kwa ukweli, atakiri kwamba usafi wa mikono yake ni zawadi ya njia tupu, na zawadi hiyo inamdai atengeneze trekta lake kesho asubuhi.

Pingamizi la tatu ndilo gumu kuliko yote, nalo ni umaskini. Trekta la zamani mara nyingi ndilo mali pekee ya familia. Linalima kwa kukodishwa, na fedha za msimu zina karo na dawa za kulipia kabla ya spea. Ni rahisi kumhubiria mtu ukiwa mbali na madeni yake. Lakini umaskini hubadili njia ya kuutimiza wajibu, hauufuti. Asiyeweza kununua viatu vya breki mwezi huu anaweza kulibakiza trekta shambani, akatae kufunga tela, amwambie dereva wazi ubovu ulipo, na akatae abiria. Hayo yanamnyima mapato, ni kweli. Ila gharama ya breki haitoweki isipolipwa. Inahamishiwa kwa mwingine, ambaye aghalabu ni maskini kuliko mwenye trekta. Na dereva mzoefu anayejivunia kusimamisha kwa gia atambue kwamba ustadi wake hauhami pamoja na ufunguo, siku trekta litakapoazimwa kwa kijana wa jirani.

Tukishayasema yote haya, ule msemo wa mazishini unapata mahali pake halali. Mtu aliyetengeneza kilichotengenezeka, akaendesha kwa uangalifu, kisha yakamfika yasiyozuilika, anastahili faraja hiyo yote. Anayeitanguliza kabla ya kazi anaigeuza kuwa kibali. Kwa hiyo viongozi wa dini wangefanya vyema kulizungumzia jambo hili misikitini na makanisani kabla ya mavuno, wakati bado kuna cha kuokoa, badala ya kungoja makaburini. Wema wa breki nzima una ugumu wake: tunda lake ni kwamba hakuna kilichotokea, na hakuna atakayekuja kushukuru kwa kifo ambacho hakikumfika. Aliyetengeneza hatajua kamwe alimwokoa nani. Ndiyo maana kazi hii inamwangukia hasa mtu anayeamini kwamba yapo mema yanayohesabiwa hata yasipoonekana, na mtu huyo hana sababu ya kungoja ajali imfundishe anachokijua tayari.