Mtoto aliyeshiba anaweza kudhulumiwa?

Mkoa wa Ruvuma ni miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa mahindi nchini, na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA) hununua huko akiba ya kulisha wengine. Milima ya Mbinga inatoa kahawa na maharage. Ukiteremka kilomita 66 hadi Mbamba Bay, Ziwa Nyasa linatoa usipa. Pamoja na neema yote hiyo, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulikuta watoto 44 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano mkoani humo wamedumaa, wakati wastani wa taifa ulikuwa 34. Utafiti wa mwaka 2022 ulikuta takriban 36, na taifa 30. Nafuu ipo, lakini bado ni zaidi ya mtoto mmoja katika kila watatu.

Ndugu msomaji, wengi wa watoto hawa hawalali na njaa. Mtoto amekula ugali, tumbo limejaa, halii. Hapo ndipo linapozuka swali: je, mtu aliyeshiba anaweza kuwa amedhulumiwa? Na kama ndivyo, amedhulumiwa na nani?

Tuanze na chakula chenyewe. Misuli, damu na ubongo hujengwa kwa protini, na protini hujengwa kwa asidi amino zilizounganishwa moja baada ya nyingine, mithili ya shanga katika uzi wa tasbihi. Kifungo kinachoishika moja na mwenziwe huitwa kifungo cha peptidi. Aina za shanga hizo ni 20. Tisa kati yake mwili wa binadamu hauwezi kuzitengeneza. Lazima zitoke katika chakula. Na mwili hauruki shanga. Ikikosekana moja inayotakiwa, kazi inasimama hapo hapo. Zilizobaki, hata zikiwa nyingi kiasi gani, hazina ghala la kuzisubirisha: huunguzwa kama kuni, na naitrojeni yake hutoka kwa njia ya mkojo.

Mahindi yana upungufu wa shanga mbili kati ya hizo tisa, yaani laisini na triptofani. Jambo hili si geni. Mwaka 1914, huko Marekani, Thomas Osborne na Lafayette Mendel waliwalisha panya zeini, ambayo ni protini kuu ya mahindi. Panya wakadhoofika. Walipoongezewa triptofani na laisini, wakakua.

Kuna jambo la pili. Sehemu kubwa ya fosforasi iliyomo katika punje ya mahindi imefungwa ndani ya fitati, akiba ambayo mbegu hujiwekea kwa ajili ya kuota. Tumboni mwa mtoto fitati hiyo hunasa madini ya zinki na chuma, yakapita bila kufyonzwa. Na bila zinki mtoto hakui. Kwa hiyo sahani ya ugali mtupu humpunguzia mtoto mara mbili: haina shanga za kutosha, na inashikilia madini aliyokuwa ayapate.

Hapana shaka yapo mengine yanayodumaza: kuhara kwa mara kwa mara, maji machafu, mimba ya mama mwenye lishe duni. Tusiseme kwamba kila kitu ni sahani. Ng'ambo ya ziwa, nchini Malawi, utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulipima damu za watoto 313 wa vijijini. Waliodumaa walikuwa na kiwango kidogo cha asidi amino zote tisa. Lakini utafiti mwingine uliofanyika Mangochi, kusini mwa ziwa hilo hilo, uliwapa watoto wachanga yai moja kila siku kwa miezi sita, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2019 hayakuonyesha tofauti ya jumla katika urefu. Maelezo mojawapo ya watafiti ni kuwa watoto wa pale tayari walikuwa wakila samaki kwa wingi. Funzo ni kwamba tuanze kuuliza mtoto anakosa nini, kabla ya kuuliza anakula kiasi gani.

Sasa turudi kwenye swali letu. Tumezoea kudhani kuwa dhulma lazima iwe na mtu mwenye nia mbaya na mtu anayelia. Lakini tufikirie muuzaji anayepunja. Mteja huondoka sokoni na furaha yake, mfuko umetuna, hajui. Kutojua kwake hakuifanyi mizani kuwa ya haki. Haki ya mtu ni kile anachostahiki, wala haipimwi kwa ridhaa ya asiyejua. Mtoto anastahiki kukua. Aliyemjazia tumbo bila ya kumpa cha kukulia amempunja, japo sahani ilifurika.

Nani basi mpunjaji? Wepesi wetu ni kumnyooshea kidole mama. Mama hupika kile kilichobaki nyumbani. Maharage yamekwenda sokoni kulipa ada na matibabu. Usipa umepakiwa kwenye magunia. Baba aliyeuza hakuwa na nia mbaya. Sisi wa mijini tunaonunua hatukuiba. Afisa aliyeandika tani hakusema uongo. Kila mmoja ana udhuru wake, na mtoto bado hajakua.

Ninachokiona mimi ni hiki: udhuru una mpaka, na mpaka wake ni ujuzi. Mtu asiyejua halaumiwi kama anayejua. Lakini hili limejulikana kwa zaidi ya miaka 100, na dawa yake haitoki mbali. Katika ngoro za Wamatengo, maharage na mahindi hupokezana katika ardhi ile ile. Maharage yana laisini ambayo mahindi hayana ya kutosha, na mahindi yana methionini ambayo maharage yana uchache nayo. Vikikutana katika sahani moja, uzi unakamilika. Kuloweka nafaka, kutumia kimea, au kuchachusha uji kama togwa isiyolewesha, huvunja fitati. Usipa uliokaushwa vizuri, ukatwangwa na kutiwa katika uji, ni shanga zote tisa pamoja na zinki.

Kwa hiyo wajibu ugawanywe kwa kadiri ya uwezo. Baba, kabla gunia la maharage halijafungwa, atenge debe la watoto. Viongozi wanaotangaza tani za mahindi kila msimu watangaze papo hapo na idadi ya waliodumaa. Na sisi walimu na wasomaji wa mijini, ambao elimu hii tunayo, tuifikishe kwa ndugu zetu tunaowatumia fedha vijijini, tuwaulize mtoto amekula nini, tusitosheke kuambiwa kuwa ameshiba.