YOGA: JE, KUNYOOSHA VIUNGO KWAWEZA KUMGEUZA MTU?

Bismillahi Rahmani Rahim.



Baada ya swala ya Laasiri siku moja, mama mmoja wa msikiti wetu alinisimamisha barazani. Mume wake ni shofele wa kamyo, hupeleka shaba kutoka Kolwezi mpaka Kasumbalesa, na barabara ile mnaijua, inapita hapa hapa kwetu Likasi. Bwana huyu alipata ajali. Mwili ulipona, lakini tangu siku ile usingizi ulimhama na hasira ikawa karibu: sahani ikianguka anaruka, mtoto akilia anapiga. Swala hakuacha hata moja. Kisha kule Lubumbashi mfanyabiashara mmoja Mhindi akamwonyesha mazoezi ya yoga: namna ya kuketi, kuinama, kunyoosha mgongo, na zaidi ya yote namna ya kushusha pumzi polepole. Akawa anayafanya kila alfajiri akishasali.

"Shehe," mama akaniambia, "sasa ni miezi minne hajampiga mtoto. Watu wanasema hiyo ni ibada ya masanamu. Nimwambie aache?"

Nakiri mbele yenu kwamba jibu nilikuwa nalo mdomoni kabla hajamaliza. Mimi si mtu wa kuamini upesi. Nimeona mengi yakiuzwa katika mji huu kwa ahadi ya kugeuza maisha, mafuta ya chupa na maji ya kuombewa, na yoga niliitia katika kapu hilo hilo. Mtu anasimama kwa mguu mmoja, ati roho yake inyooke! Lakini kulihukumu jambo usilolijua ni dhuluma. Nikamwambia, "Mama, nipe Ijumaa mbili."

Basi enyi ndugu, sisi si Waislamu wa kwanza kuulizwa. Yapata miaka elfu moja iliyopita mwanachuoni Al-Biruni, aliyezaliwa Khwarazm mwaka 973, alijifunza lugha ya Kisanskriti, akakitafsiri kwa Kiarabu kitabu cha yoga cha Patanjali. Hakuifuata dini ya Wahindu. Alitaka kujua wanasema nini kabla ya kuwajibu. Katika zama zetu, baraza la fatwa la Malaysia liliwakataza Waislamu mwaka 2008 ile yoga inayochanganya mazoezi na maneno ya ibada. Maulamaa wa Indonesia wakafuata Januari 2009, wakakataza yenye maneno hayo na kuiacha ile ya viungo vitupu. Saudia nayo, Novemba 2017, ikaihesabu kuwa ni mchezo wa mazoezi. Kwa hiyo mambo yanarudi kwenye nia na ulimi. Shofele wetu hatamki lolote, anahesabu pumzi zake tu. Upande huo nilitulia upesi.

Swali zito ni la pili. Je, ni kweli kwamba mambo haya yanamgeuza mtu?

Tuanze na mwili. Moyo wa binadamu huongeza mwendo kidogo anapovuta pumzi, na hupunguza anapoishusha. Ukirefusha ile ya kushusha, mwili unapata habari kwamba hatari imepita. Hayo ni maumbile, na Muumba ndiye aliyeyaweka, kwa Mhindi na kwa Mkongomani sawasawa. Sasa mtazame mtu aliyepinduka na kamyo. Yeye yuko nyumbani, lakini mwili wake bado uko barabarani, unangojea kishindo. Kila kelele kwake ni ile ajali. Pumzi inamrudisha nyumbani. Jambo hili nililielewa, sikuona ajabu. Na mwaka 2017 chama kikubwa cha matabibu wa Marekani kiliitaja yoga miongoni mwa mambo ya kujaribiwa kwa maumivu sugu ya mgongo kabla ya kukimbilia dawa. Mimi niliyekaa mkekani na watoto wa chuo tangu ujana wangu, mgongo wangu uliisikiliza habari hiyo kwa makini sana.

Lakini mgongo ni mgongo. Je, bahili atakuwa karimu kwa kuinama? Nairobi, tangu mwaka 2007, kuna shirika liitwalo Africa Yoga Project, ambalo huwafundisha vijana kuwa walimu wa yoga wapate na riziki. Kijana wa namna hiyo akisema yoga imegeuza maisha yake, simwiti mwongo. Namwuliza: ni kule kunyoosha viungo, au ni kazi uliyoipata, au ni kwamba sasa kuna mtu anayekungojea kila asubuhi na akikukosa anauliza uko wapi? Nani ataweza kuvitenganisha?

Tena wenye jambo lao wenyewe hawasemi kwamba kuinama kunatosha. Katika kitabu cha Patanjali ngazi ni nane, na mkao wa mwili ni ngazi ya tatu. Ya kwanza kabisa ni kutodhuru, kutosema uongo, kutoiba, kujizuia na zinaa, na kutokuwa na tamaa. Wanaouza mikeka na mavazi ya yoga leo wameanzia ghorofani.

Hapo nikaona nimeshinda. Nikachukua kalamu niandike kwamba yoga inatuliza mwili, lakini haimgeuzi mtu. Kalamu ikakataa. Maana shofele huyu ana rakaa 17 za faradhi kila siku, ambazo ni sijida 34, tangu utotoni. Na kitabu chetu kinatufundisha, katika Sura ya Al-Ankabut, kwamba swala humzuia mtu na machafu na maovu. Naye alikuwa anatoka kwenye sijida, anampiga mtoto. Nikisema kuinama kwa Wahindi hakumgeuzi mtu, mtaniuliza: na kuinama kwetu je?

Mnaijua habari ya yule mtu aliyesali mbio mbio mbele ya Mtume (S.A.W.), akaambiwa arudi akasali, kwani hakusali. Akarudi, akaambiwa tena vivyo hivyo. Alichokosa hakikuwa maneno. Alikosa kutulia katika rukuu mpaka kila kiungo kitulie, na katika sijida vivyo hivyo. Wanachuoni wetu wa Kishafi wanakuita tumaanina, na bila hiyo swala haisihi. Nanyi mnajua tunavyosali, hasa Ijumaa, wakati duka limefungwa na mteja anangoja nje.

Shofele huyu nilimfundisha mimi. Alikuja chuoni kwangu akiwa na miaka saba. Nilimfundisha Fatiha, nikamsahihisha kila herufi mahali inapotokea, na fimbo ilikuwa mkononi. Herufi alizishika. Kutulia sikumfundisha. Na kumpiga mtoto akikosea, hilo pengine alijifunza kwangu pia.

Ijumaa ya pili nilimwita yule mama. Nikamwambia asimkataze mumewe, madamu hatamki maneno ya ibada ya wengine wala haipitishi saa ya swala. Nikaanza kumweleza kwamba kama amegeuka kweli au ametulia tu, hilo litajulikana baada ya mwaka, siku atakapopata hasara au kutukanwa.

Akanikatiza kwa adabu. "Shehe, mimi sikuuliza kama amegeuka. Mtoto analala usiku. Niliuliza kama aache."

Jumamosi iliyofuata, kabla ya somo, niliiweka fimbo juu ya kabati, nikawaambia watoto tukae kwanza kimya, tushushe pumzi, ndipo tusome. Sasa ni wiki ya tatu. Wanasoma polepole kidogo kuliko zamani, na katikati ya aya bado wanainua macho kulitazama kabati.

Wabillahi taufiq.