Deni la Macho

Gati za Kilindini, Mombasa, zimezungushiwa ua. Asiye na kibali hapiti langoni. Lakini meli ya watalii, kwa ukubwa wake wote, haina njia ila mlango wa Likoni, mbele ya mibuyu ya Mama Ngina, na hapo mla mihogo huitazama bure. Akiinua simu apige picha, kule juu sitahani abiria amekwishainua kamera yenye kuvuta mbali. Hakuna aliyemwomba mwenziwe ruhusa. Je, wamelingana? Hawakulingana. Picha ya abiria huchukua mtu na sura yake hadi ughaibuni. Ya mwenyeji huchukua chuma, maana meli imewameza waliomo. Atazamaye pasi na kuonekana ana deni, hata kama hakuvunja sheria. Pengine ndiyo sababu baadhi ya abiria hupunga mkono. Naye wa pwani, simu i mkononi, hana budi kuchagua: apige picha au aitikie.