Mazizi Matupu ya Irangi

Basi la Dodoma kwenda Babati likishapita Kondoa mjini huanza kupanda. Lami ni nzuri, ilizinduliwa mwaka 2018, na abiria wengi wakifika hapo huwa wamelala. Anayebaki macho, hasa masika yakiwa yamekolea, huona vilima kutoka Kolo hadi Bereko vimefunikwa na miti, mahindi na mbaazi zimeshika miteremko, na hapa na pale kuna korongo lenye kingo nyekundu ambalo chini yake nyasi zimejaa. Atasema Mungu kaijalia nchi hii. Sina ugomvi na kauli hiyo. Ila Mungu hapa alikuwa na wasaidizi, na wasaidizi hao walilipa gharama ambayo haimo kwenye risiti yoyote.

Nalisema hili kwa sababu mandhari tumezoea kuiona kama kitu cha kukuta, si cha kutengenezwa. Usanifu wa mandhari unafundishwa hapa nchini, Chuo Kikuu Ardhi, lakini ukimtaja msanifu wa mandhari mbele ya watu, akili za wengi hukimbilia maua ya hoteli na ukoka wa mbele ya wizara. Kazi yenyewe ni nzito kuliko hivyo. Ni kuamua maji ya mvua yapite wapi, watu wapite wapi, nini kiote na nini kisiote, kisha kukubali kwamba mvua, mchwa na mbuzi hawajasoma mchoro. Msanifu wa majengo hukabidhi funguo akaenda zake. Mwenzake wa mandhari hana siku ya kukabidhi. Alichochora leo kitaiva wakati yeye yuko kaburini. Ndiyo maana swali la maana ya kazi humkaba koo kuliko wengine. Kama mti umejiotea wenyewe, yeye kafanya nini hasa?

Mfaransa Gilles Clément, aliyezaliwa mwaka 1943, ameishi na swali hilo umri wake wote. Alisomea kilimo kabla ya kuwa msanifu wa mandhari, na mwaka 1977 akaanza bustani yake mwenyewe huko Creuse, katikati ya Ufaransa. Humo mimea iliachwa ihame. Mbegu ikiota katikati ya njia, mtunza bustani haing'oi, husogeza njia. Baadaye, katika bustani ya umma ya Henri Matisse mjini Lille, jirani na kituo cha treni, Clément alitumia kifusi kilichotokana na ujenzi kuinua kisiwa cha nchi kavu chenye kuta za mita 7 hivi kwenda juu. Hakuna ngazi. Watu hupita chini wakitazama kuta, na huko juu miti inajiendea itakavyo. Kwake yeye, ubunifu mkubwa ulikuwa kuamua nani asipande.

Mwaka 1979, miaka miwili tu baada ya Clément kuanza bustani yake, vilima vya Irangi, vilevile vya Kolo na Bereko, navyo vilifungiwa mlango. Tofauti ni kwamba huku kulikuwa na wenyewe.

Vilima hivi vilikuwa na sifa mbaya tangu enzi za mkoloni. Udongo mwekundu ulikuwa umechanwachanwa na makorongo yenye kina cha kumeza nyumba, na mchanga uliosombwa na maji ulitandazwa bondeni juu ya mashamba ya watu. Sababu haikuwa moja. Misafara ya biashara ya karne ya 19 ilipita Kondoa-Irangi ikihitaji chakula. Tambarare za chini zilikuwa na mbung'o, kwa hiyo watu na mifugo walibanana juu. Waingereza wakafyeka mapori kupambana na mbung'o, wakapanga upya makazi, na kufikia miaka ya 1940 wakaja na matuta ya lazima na amri za kupunguza mifugo. Uhuru ulipopatikana matuta hayo yalitelekezwa. Yalinuka ukoloni, na nani angeyalilia?

Mwaka 1973 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, maarufu kama HADO, kwa msaada wa Sweden. Mwanzoni HADO ilifanya kazi kama mkandarasi: mitambo, matuta ya kukinga maji, vizuizi kwenye makorongo, miche ya miti. Ng'ombe wakayakanyaga matuta, na mbuzi, ambaye kwa miche hana mpinzani, akamaliza kilichobaki. Ndipo mwaka 1979 ikatoka amri kwamba mifugo yote iondoke katika eneo lililomomonyoka, lenye kilomita za mraba 1,256. Zaidi ya mifugo 80,000 ilitolewa: ng'ombe, mbuzi, kondoo, hata punda.

Kilichofuata kiliwashangaza wataalamu wenyewe. Nyasi zilitangulia. Visiki vya miombo, ambavyo kila mwaka vilikuwa vikichipua na kuliwa, vilichipua vikaachwa vikawa miti. Mizizi iliposhika udongo, maji ya mvua yakapunguza mwendo; mito ya mchanga iliyokuwa imetanuka kama uwanja ikajikusanya kwenye mkondo mwembamba, na pembeni yake, pale palipokuwa na mchanga mtupu, watu wakaanza kulima. Wilhelm Östberg wa Sweden aliandika mwaka 1986 kuhusu mageuzi haya ya Kondoa. Watafiti wetu nao waliyachunguza, akiwemo Profesa Idris Kikula, aliyekuja kuwa makamu mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Dodoma. Mitambo ilisaidia, lakini si yenyewe iliyovisha vilima nguo. Kilichofanya kazi ni kutokuwepo kwa kwato.

Hapo ndipo penye utamu wa jambo, na uchungu wake pia. Kutokuwepo si kitu kinachojileta. Mtu alifungua zizi asubuhi, akaswaga mifugo yake nje ya mpaka, akarudi bila kitu.

Zizi si boma la miti tu. Ng'ombe akitoka, yanatoka maziwa ya mtoto, inatoka samadi ya shamba la mahindi, inatoka mahari ya kijana aliyekuwa ameshaposa. Inatoka akiba ya mwaka wa njaa, na Dodoma nzima inajua mwaka wa njaa haupigi hodi. Punda naye aliondoka, kwa hiyo ndoo ya maji na gunia la mahindi vikarudi kichwani kwa mama. Wengine walipeleka mifugo kwa ndugu na marafiki huko tambarare. Wengine waliuza haraka haraka, na anayeuza haraka hapangi bei. Na huko tambarare ardhi ililazimika kubeba kwato zilizopunguzwa juu ya vilima. Hesabu ya mandhari ina tabia hii: unachokifuta upande mmoja wa karatasi huandikwa upande wa pili.

Kwa hiyo kisiwa cha Lille na vilima vya Irangi vina kanuni moja ya ufundi, ila havina maana moja. Kule Clément alifunga mahali ambapo hapakuwa na zizi la mtu. Ukimya wa miti yake hauna deni. Wa Kondoa unalo. Ukitaka kulinganisha kwa haki, usiende Lille, nenda New York. Bustani ya Central Park, iliyochorwa na Frederick Law Olmsted na Calvert Vaux mwaka 1858, inasifiwa kama kazi iliyoipa heshima fani nzima. Mwaka mmoja kabla, ndani ya eneo hilohilo, kitongoji cha Seneca Village, walikoishi Wamarekani weusi waliokuwa na viwanja vyao na makanisa yao, kilikuwa kimevunjwa. Kwa zaidi ya karne moja watu walikaa kwenye nyasi hizo bila kujua wamekaa sebuleni kwa nani.

Sisemi amri ya 1979 ilikuwa kosa. Makorongo yale yalikuwa hayangoji kikao, na aliyeona mchanga ukipanda juu ya shamba la baba yake anaelewa kuliko mimi. Ninachokataa ni kuuita uponyaji ule kazi ya mradi peke yake, au kazi ya asili peke yake. Mradi ulitoa mchoro na amri. Asili ilitoa mbegu na mvua. Lakini kalamu iliyochora ilikuwa hasara ya mtu mwenye zizi, na mtu huyo hakuitwa mbunifu; kwenye ripoti alikuwa tatizo. Aliandikwa kama idadi ya mifugo iliyozidi uwezo wa malisho. Nadhani maana ya mandhari inapotelea hapo hasa, pale tunapomhesabu mtu upande wa uharibifu na kumsahau upande wa ujenzi, ilhali mkono ni uleule.

Kuna hoja moja ya kujibiwa. Mtu anaweza kusema kwamba Warangi, wenyeji wa vilima hivi, walirudisha tu walichokuwa wamekiharibu, kwa hiyo hakuna cha kuwashukuru. Hoja hiyo inadhani kulikuwa na Kondoa ya mwanzo, safi, ya kurudishwa. Watafiti waliopima umri wa udongo uliotuama mabondeni wameonyesha kwamba vilima hivi vilimomonyoka pia maelfu ya miaka iliyopita, kabla ng'ombe wa kwanza hajakanyaga hapo. Tabia ya nchi ilibadilika, mvua ikaja kwa kishindo, udongo ukashuka. Binadamu aliongeza kasi, hakuvumbua jambo. Mandhari tunayoiona leo kutoka dirishani si ile ya kale iliyofufuka. Ni mpya. Haijawahi kuwepo kabla ya 1979, na kwa hiyo ina haki ya kuulizwa imetengenezwa na nani.

Ajabu ni kwamba wilaya hiyohiyo ya Kondoa ina mfano mzuri wa namna ya kulitunza swali la aina hiyo. Kwenye miamba ya Kolo na Pahi kuna michoro ya watu na wanyama, mingi kwa rangi nyekundu, katika vibanda vya miamba zaidi ya 150. Mwanaakiolojia Mary Leakey aliinakili mwaka 1951, na mwaka 2006 UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Majina ya wachoraji hatuyajui hata moja. Lakini tunajua walikuwepo, na hakuna anayepanda mlimani akasema mwamba umejichora. Zaidi ya hayo, mahali kama Mongomi wa Kolo hapajawa jumba la makumbusho. Wenyeji bado hupanda kufanya matambiko ya mvua na ya uponyaji. Mandhari pale ina maana kwa sababu kuna watu wanaoidai kitu na kuilipa kitu. Mkono uliochora twiga kwa ngeu umepewa heshima ya dunia nzima. Mkono uliofungua zizi hauna orodha ya kuingizwa.

Mambo hayakusimama 1979. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 ng'ombe wa maziwa walianza kuruhusiwa kwa masharti, wafungiwe bandani na kukatiwa majani. Msaada wa Sweden kwa HADO ukaisha katika miaka ya 1990, na mifugo ikarudi taratibu, mingine mchana, mingine usiku. Mwaka 2010 misitu ya Isabe na Salanga, kwenye vilima vya Kolo, iliingizwa katika mradi wa majaribio wa hewa ya ukaa ulioendeshwa na African Wildlife Foundation pamoja na vijiji. Dhana ya mradi huo ilinivutia kwa jambo moja: ilikubali, angalau kwa maandishi, kwamba asiyekata mti anafanya kazi na anastahili malipo. Mzee aliyeswaga ng'ombe wake mwaka 1979 angeisikia habari hiyo angecheka kidogo, kisha angeuliza malimbikizo yake yanalipwa ofisi gani.

Swali lake si la Kondoa tu. Kilomita kama 160 kusini, mji mkuu unajengwa kwa kasi juu ya nchi kavu ileile ya mkoa wa Dodoma. Mpango wa kwanza wa Dodoma ulichorwa mwaka 1976 na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, na tangu hapo imekuja mipango mingine, barabara za mzunguko, kampeni za kupanda miti. Jambo jema. Miti hiyo itahitaji maji, uzio na marufuku, na kila marufuku ina mtu upande wa pili: mchungaji, muuza mkaa, mama wa mchicha bondeni. Msanifu mzuri ataweka kivuli mahali pake. Aliye bora zaidi ataandika pembeni ya mchoro wake nani kaombwa aache nini, na kalipwa nini.

Kwa vilima vya Irangi hati hiyo bado inaweza kuandikwa, ila muda unakwenda mbio. Aliyekuwa na miaka 30 siku ya kuswaga ng'ombe nje ya mpaka leo amevuka 75. Mwanafunzi wa usanifu wa mandhari anayetafuta mada ya utafiti ashuke kwenye basi Kolo, aulize kwa adabu zizi lilikuwa wapi, lilikuwa na ng'ombe wangapi, na walikwenda wapi. Aandike majina, kama wenyewe watakubali.