Shilingi Ngapi, Mwalimu?

Nyumba yangu hapa Usevya, Katavi, imepakana na mashine ya kukoboa mpunga. Msimu wa mavuno mashine hiyo hunguruma kuanzia saa mbili asubuhi hadi giza liingie, nami nimekwisha kuizoea, kama mtu anavyozoea mkwe mwenye maneno mengi. Mlio ambao sijauzoea ni ule wa saa kumi na moja alfajiri. Du. Du-du. Du. Ni kijana mmoja mbeba mizigo wa hapo mashineni, ametundika gunia kwenye tawi la mwembe, chini kalijaza mchanga, juu pumba, kalikaza kwa mpira wa baiskeli. Mchana kutwa anabeba magunia ya watu, alfajiri anaamka kulipiga lake moja. Mke wangu anasema kile si mazoezi, ni kisasi.

Kijana huyo ni mtoto wa wafugaji waliohamia bonde hili na mifugo yao kutoka Usukumani kabla yeye hajazaliwa. Ng'ombe wamebaki wa baba, yeye amebaki na mabega. Jioni moja alibisha hodi, akavua kandambili mlangoni, akaniamkia shikamoo, akanipa simu yenye kioo kilichopasuka. Promota fulani, wa mji ambao sitautaja, alikuwa amemtumia mkataba kwa WhatsApp. Kurasa tatu, zote Kiingereza. Pambano la utangulizi, raundi sita, malipo laki moja na nusu.

"Umeshapigana mapambano mangapi?" nikamuuliza.

"Hili ndilo la kwanza, Mwalimu."

"Na ya ridhaa?"

Akaangalia chini, akatabasamu. "Ridhaa hailipi."

Nimefundisha Kiswahili shule ya msingi kwa muda mrefu, na ugonjwa wa kazi hiyo ni kwamba neno likishanikwama siwezi kulitema. Tunasema ngumi za ridhaa na ngumi za kulipwa kana kwamba ni majina ya madaraja, la chini na la juu. Lakini ridhaa ni ileile tunayoiomba kwa wazazi wa binti, ileile unayoitia saini hospitalini kabla ya kupasuliwa. Ni moyo kukubali bila kusukumwa. Kulipwa ni kitenzi cha kutendewa. Yupo mwingine anayelipa, na huyo ndiye mwenye sentensi hata kama jina lake halikutajwa. Kwa hiyo bondia anapotoka ridhaa kwenda kulipwa, kwa sarufi tu, anatoka kwenye kutaka kwake na kuingia kwenye mkono wa mtu. Hayo sikumwambia. Alikuwa hajala. Nilimwambia habari za bondia wetu, Titus Simba.

Ilikuwa Julai 1970, mji wa Edinburgh kule Uskoti, Michezo ya Jumuiya ya Madola. Uzito wa kati. Simba wetu akawapita aliokutana nao, hadi fainali. Huko akakutana na kijana wa miaka 19 kutoka Liverpool, jina lake John Conteh, baba yake mtu wa Sierra Leone, mama yake mwenye asili ya Ireland. Conteh akashinda, akavishwa dhahabu.

"Na Simba akapata nini?"

"Fedha."

"Shilingi ngapi, Mwalimu?"

Nilicheka mpaka mke wangu akachungulia kutoka jikoni. Kijana hakucheka. Alikuwa ameuliza swali lake kwa nia njema kabisa, na kadiri nilivyozidi kucheka ndivyo kicheko kilivyozidi kunichachukia mdomoni. Miaka yote nimewaambia watoto darasani kwamba Titus Simba alituletea fedha, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunibana hivyo.

Nikaendelea, kwa sauti ya chini kidogo. Conteh aliingia ngumi za kulipwa mwaka 1971. Tarehe 1 Oktoba 1974, pale Wembley, London, alimshinda Jorge Ahumada wa Argentina kwa pointi, akawa bingwa wa dunia wa WBC, moja ya mabaraza ya ngumi za kulipwa, katika uzito ambao siku zile ulikuwa chini tu ya ule mzito kabisa. Alikuwa maarufu kiasi kwamba Paul McCartney, naye mtoto wa Liverpool, alikuwa ameshamweka kwenye picha ya jalada la albamu yake ya mwaka 1973. Kisha mambo yakageuka. Mwaka 1977 alijitoa kwenye pambano la kutetea mkanda akiwa na ugomvi wa fedha na mikataba, na WBC wakamvua ubingwa, si kwa konde bali kwa kalamu. Aliutafuta tena mara tatu asiupate. Baadaye mwenyewe alisema wazi jinsi pombe ilivyomla.

Na Simba? Simba alirudi kwenye nchi iliyokuwa imeamua jambo lake kuhusu michezo. Azimio la Arusha lilikuwa la mwaka 1967, na mwaka huohuo ndipo Baraza la Michezo la Taifa lilipoundwa kwa sheria. Mchezaji wa siku zile alikuwa mtu wa jeshi, wa polisi, wa magereza au wa shirika la umma. Alikuwa na mshahara wa kazi yake, na jasho la michezo lilikuwa la taifa. Kushindania mkanda kwa ajili ya mfuko wako haikuwa njia iliyofunguliwa. Mabondia wawili waliotazamana macho kwa macho usiku mmoja Edinburgh wakaachana njia panda ambayo mmoja wao hakuwekewa kibao.

Hapo ndipo ninapojisikia vibaya. Nilizoea kuieleza habari hii kama sifa: wazee wetu walipigana kwa uzalendo, hawakuuliza bei. Ni kweli ilikuwapo heshima, tena kubwa. Lakini ridhaa ya mtu asiye na njia nyingine tuiite nini? Nilipomaliza chuo nilifundisha miaka miwili kwa kujitolea nikingoja ajira. Walimu wenzangu walinisifu kwa moyo. Ukweli ni kwamba sikuwa na pa kwenda, na moyo nilijitengenezea baadaye, nilipokuwa nasimulia.

Kijana akachukua simu yake, akanionyesha video. Mwanamke mwembamba mwenye nywele zilizosukwa zikabana kichwa, anarusha ngumi kama anayetwanga kinu kwa hasira. Alikuwa Katie Taylor wa Ireland. Kijana alikuwa amemwona kwenye kibanda umiza, akampenda, akaanza kumfuatilia. "Huyu wanamlipa mabilioni, Mwalimu. Huyu alianzaje?"

Alianza Bray, mji mdogo wa pwani kusini mwa Dublin, akifundishwa na baba yake, enzi ambazo mtoto wa kike wa Ireland hakuruhusiwa kupigana rasmi, hata akawa anaingia ulingoni akijifanya mvulana. Pambano la kwanza la wasichana lililotambuliwa rasmi nchini mwao lilikuwa mwaka 2001, na yeye, akiwa na miaka 15, alikuwa mmoja wa wawili hao. Lilifanyika katika Uwanja wa Taifa wa Dublin. Ukisikia Uwanja wa Taifa usifikirie majani na magoli. Huo ni ukumbi uliofunguliwa mwaka 1939, umejengwa kwa ajili ya ngumi. Nchi yenye watu kama milioni tano ina nyumba ya masumbwi iliyokwisha kuzeekea mahali pake! Taylor akakaa kwenye ridhaa miaka 15. Akawa bingwa wa dunia mara tano, akachukua dhahabu ya Olimpiki London 2012, mwaka wa kwanza wanawake kuruhusiwa kupigana ngumi za Olimpiki. Rio 2016 akatolewa robo fainali, watu wakasema amekwisha. Novemba mwaka huohuo, akiwa na miaka 30, akapanda ulingoni kwa mara ya kwanza kama bondia wa kulipwa. Aprili 2022 yeye na Amanda Serrano waliujaza Madison Square Garden, New York.

"Miaka 15," kijana akasema. "Alikuwa anakula nini?"

Nadhani hilo ndilo swali lenyewe. Alikuwa anakula, basi. Nchi yake ilikuwa na utaratibu wa kuwapa ruzuku mabondia wa ridhaa. Kule ridhaa ni ghala. Anayetoka hapo kwenda kulipwa anatoka na akiba ya mapambano mia na zaidi, ya raundi tatu tatu na nne nne, na mwili ulioshiba. Huku kwetu mwenye kuweza kukaa kwenye ridhaa ni yule aliyeajiriwa kwenye vikosi vya majeshi, maana huko kuna chakula, kuna kocha, kuna kesho. Huyu wa chini ya mwembe yuko nje ya uzio huo. Nimepeleka watoto UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi, mara nyingi, tumebeba mipira na vijiti vya kupokezana. Glavu sijawahi kubeba. Majirani zetu wa Kibaoni walishatoa Waziri Mkuu, Mizengo Pinda, na mpaka leo hawajaacha kutukumbusha. Lakini hata huyo aliipanda ngazi ambayo tayari ilikuwa na vipago.

Sisemi kwamba njia ya mkato huwa haifiki. Tarehe 8 Septemba 2018 Hassan Mwakinyo wa Tanga alipanda ulingoni Birmingham akiwa mgeni aliyeitwa dakika za mwisho, kwa hesabu za wenyeji kaja kuongeza ushindi kwenye rekodi ya Sam Eggington, aliyewahi kuwa bingwa wa Uingereza. Mwakinyo alimmaliza raundi ya pili. Miaka minne baadaye, 2022, katika jiji hilohilo la Birmingham, Yusuf Changalawe na Kassim Mbundwike walichukua shaba mbili za Jumuiya ya Madola, kwa ngumi za ridhaa. Magazeti yaliwapa nafasi, kisha yakarudi kwenye soka la Simba na Yanga. Muulize kijana yeyote wa Majimoto au Mamba nani kati ya watatu hao anamjua. Atakwambia Mwakinyo, na atakuonyesha alivyorusha ile ngumi. Kinachonisumbua ni kwamba kwa kila Mwakinyo anayekataa kazi aliyoitiwa, wapo wengi wasio na majina walioitwa hivyohivyo wakaifanya kama ilivyopangwa, wakarudi na uso umevimba na chenji ya teksi.

Habari ya Robert Wangila sikutaka kumwambia. Kisha nikamwambia. Mkenya, dhahabu ya Olimpiki Seoul 1988, na mpaka leo hiyo ndiyo dhahabu pekee ya Kenya katika ngumi za Olimpiki. Akaenda Marekani kulipwa. Julai 1994 alipigana Las Vegas, mwamuzi akalisimamisha pambano, mwenyewe akalalamika kwamba bado anaweza. Baada ya muda mfupi akapoteza fahamu, akafariki. Alikuwa na miaka 26. Na huyo alikuwa ameipitia ridhaa yote, hadi kileleni.

Tulikaa kimya. Mke wangu akaleta wali na maharage, akamwekea sahani iliyojaa zaidi ya yangu. Alipokula ndipo nikarudi kwenye mkataba, kifungu kwa kifungu, namfasiria. Tarehe. Uzito. Malipo baada ya pambano, "kulingana na mapato ya mlangoni", maneno ambayo nilimrudia mara mbili. Daktari hakutajwa. Nauli haikutajwa. Kutoka hapa ni gari hadi Mpanda, unapita katikati ya hifadhi ya Katavi ukiwapungia viboko wa Sitalike na ukiwapiga mbung'o dirishani, kisha treni au basi, safari ya zaidi ya siku nzima. Alihesabu kwa vidole. Nauli ya kwenda na kurudi na chakula cha njiani vilikaribia kuimeza ile laki moja na nusu.

Kifungu cha mwisho kilisema kwamba bondia anatia saini kwa ridhaa yake mwenyewe, na kwamba mwandaaji hatawajibika kwa jeraha lolote.

"Kumbe ridhaa imo," akasema.

Aliniomba nimwandikie promota, kwa Kiingereza, kwa adabu, kuuliza mambo mawili: nauli ni juu ya nani, na daktari atakuwepo? Niliandika mistari minne, nikamsomea kwa Kiswahili, akatuma. Tiki mbili zikageuka bluu usiku uleule. Leo ni siku ya kumi na moja.

Hajatia saini, wala hajakataa. Juzi alikuja kuniomba gunia jipya. Lile la zamani limepasuka ubavuni, na kuku wa mke wangu wamemaliza pumba zote.