Katika Zawadi za Kushonwa kwa Jamaa Walio Dini Nyingine



Mtu wa pwani atokaye Tanga au Lindi kwenda kutafuta riziki yake Shinyanga au Geita hukuta jambo ambalo kwao ni nadra: jamaa wa nyumba moja walio dini mbili au tatu. Wafanya biashara wa Kiislamu walikuwa wamekwisha pita njia ya Tabora zamani. Mapadri wakafika Bukumbi, kusini ya ziwa, mwaka 1883. Na Wasukuma wengi wakabakia na mila za wazee wao. Kwa hivyo si ajabu huko mtoto kuwa Mwislamu, mama yake Mkristo, na babu hana hata moja katika hizo mbili, na wote wakala sinia moja.

Na uwekwe mfano wa mtu katika watu hao wa pwani. Ameoa binti wa Kisukuma aliyesilimu, wakaa Geita mjini, naye kazi yake ni kununua dhahabu kwa wachimbaji wadogo. Ufikapo mwezi wa Desemba mke huokota mabaki ya vitenge chini ya vyerehani vya mafundi wa barazani, akayakata nyota na ndege na maua, akayashona kwa sindano ya mkono, akayajaza pamba itokayo mashamba ya Shinyanga, kisha akatia kitanzi cha uzi. Ni zawadi ya mama yake na ndugu zake, ambao ni Wakristo, nao huvitundika nyumbani mwao siku ya Krismasi. Mume akaona, akakasirika, akasema: “Huku ni kuitukuza sikukuu isiyo yetu. Mambo haya hayashonwi nyumbani mwangu.” Mke akanyamaza, akaiweka sindano. Je, mume huyu amesibu au amekosa?

Hoja yake si ya kutupwa. Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 1328, aliandika kitabu kizima kuwaonya Waislamu wasijifananishe na wengine katika sikukuu zao, na wako maulamaa wengi waliofuata njia hiyo. Khofu yao ina maana, kwani desturi huingia kwa mlango mdogo, na mtu asiyejua mpaka wake huja akajikuta ng'ambo. Kushona msalaba, au sanamu ya kuwekwa mbele ya ibada, ni jambo ambalo Mwislamu hana nafasi nalo.

Lakini nyota ya kitenge si msalaba. Kikikatwa kile kitanzi cha uzi, nyota ile ile huwa kijito cha kuchomekea sindano, wala hapana atakayeuliza hukumu yake. Na akisema mtu kwamba ndege ni sura ya kiumbe, basi na akumbuke khabari ya Bibi Aisha iliyopokewa na Abu Dawud: alikuwa na farasi wa kuchezea mwenye mbawa mbili za vipande vya nguo, na Mtume (S.A.W.) alipomwuliza, naye akajibu kwamba farasi wa Nabii Suleiman walikuwa na mbawa, Mtume akacheka.

Ama asili ya shauri hili haiko katika nguo, iko katika mama. Asmaa binti Abubakar alijiwa na mama yake aliyekuwa bado katika ushirikina, akamwendea Mtume kuuliza kama yafaa amfanyie wema, akaamrishwa aunge udugu na mama yake. Na Sayyidna Omar alipopewa joho la hariri, asiloweza kulivaa mwenyewe, alimpelekea ndugu yake wa Makka ambaye alikuwa hajasilimu. Ilikuwa ni nguo, ikatoka kwa Mwislamu ikaenda kwa asiye Mwislamu, kwa sababu ya udugu tu. Tena katika sura ya Al-Mumtahina, aya ya 8, Mwenyezi Mungu amebainisha kwamba hawakatazi waumini kuwatendea wema na uadilifu wale wasiowapiga vita kwa ajili ya dini wala kuwatoa majumbani mwao. Mkwe wa Geita hajampiga mtu vita.

Huenda mume akasema: “Basi apelekewe fedha, tena siku nyingine.” Kuchagua siku nyingine ni ihtiati njema kwa mwenye shaka, ijapokuwa Desemba ndipo watoto waliotawanyika migodini na Mwanza warudipo kwa mama yao, na zawadi hupelekwa watu wakutanapo. Ama fedha, hiyo ni ya mume. Binti atakuwa ametoa nini? Mtu wa pwani ajua vyema tofauti ya kofia ya dukani na kofia aliyoshonewa na mkewe, tundu baada ya tundu, miezi mingi. Akiambiwa aiache achukue thamani yake atamwona msemaji kuwa hana adabu. Alijualo juu ya kichwa chake mwenyewe, mbona alisahau juu ya mama wa mwenziwe?

Na kuna jambo jingine, lisemwe ijapokuwa halipendezi. Katika nchi ya dhahabu wako wanunuzi wanaomkopesha mchimbaji chakula na vifaa kabla hajachimba, kisha wakaichukua dhahabu yake kwa bei wanayoitaka wao. Soko la madini lilifunguliwa Geita mwaka 2019 ili mizani iwe mbele ya macho ya watu, na bado mwenye deni huenda kwa mwenye kumdai. Ikiwa mume huyu ni mmoja wao, naye huisoma sura ya Al-Mutaffifin katika sala yake, basi ukali wake umekosea njia: umeipita mizani, ukaishia kwenye sindano.

Mama mkwe yule, kila Idi, humpelekea bintiye mchele na jogoo. Jogoo humpeleka mzima, amefungwa miguu, kwa kuwa ajua mkwewe hali ila alichochinja mwenyewe kwa sharia yake. Na mume, miaka yote hiyo, amemchinja na amemla.